Mianya ya seva yahatarisha rekodi za mkulima na mwanachama

MKULIMA wa Giakanja, katika eneobunge la Tetu, hupeleka kahawa yake kiwandani, ikapimwa, naye akarejea nyumbani na kijikaratasi chenye idadi ya kilo. Idadi iyo hiyo huingizwa katika tarakilishi, na tangu hapo hana habari nayo hadi siku ya malipo.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayeuza maziwa au majani chai, kwa mwenye akiba katika sacco mjini Nyeri, Karatina au Othaya, na kwa mzazi aliyelipa karo ya mwanawe. Kila mmoja wao ana jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi cha fedha kilichoandikwa mahali fulani.

Mahali hapo huitwa hifadhidata, na programu inayoitunza na kuihudumia huitwa seva ya hifadhidata. Swali ambalo ni nadra kusikika katika mikutano ya wanachama ni hili: programu hiyo ilirekebishwa mara ya mwisho lini?

Hilo si swali la wataalamu peke yao. Katika visa vingi vinavyosimuliwa hapa chini, dawa ilikuwapo kabla ya ugonjwa kuenea. Kilichokosekana ni mtu wa kuitia.

Wakenya walilizoea neno seva kwa kishindo mwaka wa 2017. Agosti 9 mwaka huo, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, kiongozi wa muungano wa NASA, Raila Odinga, alidai kwamba mitambo ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imedukuliwa. Tume ikajibu kwamba kumbukumbu zilizotolewa kama ushahidi zilikuwa za hifadhidata ya Microsoft, ilhali yake ilikuwa ya Oracle.

Mwishoni mwa mwezi huo Mahakama ya Juu iliagiza walalamishi waruhusiwe kuona habari zilizomo katika seva za tume. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na jambo hilo likawa miongoni mwa sababu zilizofanya mahakama, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, kubatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017. "Fungua seva" ukawa wito wa upande mmoja na mzaha wa upande wa pili.

Miaka mitano baadaye suala hilo lilirudi. Septemba 5, 2022, mahakama hiyo hiyo, safari hii ikiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, ilitupilia mbali madai ya udukuzi na kuidhinisha matokeo.

Mijadala hiyo miwili ilichukua saa nyingi za redio na televisheni, lakini wasikilizaji wengi walibaki hawajaelezwa jambo la msingi: seva huvunjwa vipi?

Karani wa kidirishani

Fikiria karani aliyefungiwa ndani ya stoo ya vitabu vya hesabu. Haonani na mtu. Anayetaka habari humpitishia karatasi kwenye kidirisha, naye humrudishia jibu. Karatasi hizo huandikwa kwa lugha maalumu ya kuulizia hifadhidata iitwayo SQL. Karani huyu hasahau, wala hachoki kusoma maelfu ya karatasi. Upungufu wake ni mmoja: hana uwezo wa kushuku. Hufanya lililoandikwa.

Sasa karani huyo ni programu iliyotungwa na binadamu, yenye mamilioni ya mistari ya maagizo, na binadamu hukosea. Kosa dogo katika mstari mmoja laweza kulala kwa miaka bila kugunduliwa. Oktoba 2025, mathalani, watengenezaji wa Redis, hifadhidata inayotumika sana duniani, walitoa marekebisho ya kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya programu yao kwa takriban miaka 13. Kwa kasoro hiyo, mtu aliyeruhusiwa kuitumia seva kwa jambo dogo angeweza kuiteka yote.

Kisa kinachofaa kusimuliwa kwa urefu ni cha Januari 25, 2003. Ilikuwa Jumamosi, na saa za Kenya zilikuwa zinakaribia mbili unusu asubuhi, wakati ujumbe mdogo wa bayti 376 ulipoanza kuzunguka katika intaneti. Ulilenga programu ya SQL Server 2000 ya Microsoft. Baadaye ulipewa jina Slammer.

Ulifanya kazi hivi. Seva hiyo ilikuwa na kidirisha cha pembeni cha kuwaelekeza wageni, na ilitenga nafasi ndogo katika kumbukumbu yake ya kuwekea jina ambalo mgeni anaulizia. Waliotunga programu hawakuiagiza ipime urefu wa jina kabla ya kulipokea. Jina likiwa refu kupita kiasi, herufi za ziada zilifurika na kumwagikia sehemu ambayo mtambo husoma ili kujua hatua inayofuata.

Ni kama kujaza kibaba hadi nafaka zikamwagikia daftari la maagizo lililo kando, kisha nafaka hizo zikasomeka kama maandishi. Aliyetunga Slammer alizipanga nafaka zake zisomeke: "Jinakili, kisha ujitume kwa kila anwani unayoweza kuibahatisha."

Idadi ya seva zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5. Kwa muda wa dakika 10 hivi, zaidi ya asilimia 90 ya seva zilizokuwa na kasoro hiyo, kote duniani, zilikuwa zimetekwa. Watafiti walikadiria kwamba si chini ya mitambo 75,000 iliathirika. Mashine za kutolea pesa za Bank of America nchini Marekani ziligoma, na intaneti nchini Korea Kusini ikalemaa kwa saa kadhaa.

Slammer haikuiba rekodi ya mtu wala kufuta chochote. Madhara yote hayo yalitokana na msongamano tu. Lau mtungaji wake angekuwa na nia ya kuiba, historia ya siku hiyo ingeandikwa kwa namna nyingine.

La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro hiyo Julai 24, 2002, miezi sita kamili kabla ya shambulio. Yalikuwa ya bure. Hata baadhi ya mitambo ya Microsoft yenyewe ilikuwa haijayapata, na ikaathirika pamoja na mingine.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho linalomhusu mfanyabiashara wa mji mdogo. Seva hiyo ilikuwa na toleo dogo lililofungashwa ndani ya programu nyingine, zikiwamo za uhasibu. Watu wengi walikuwa na seva ya hifadhidata chini ya meza bila kujua. Hali hiyo haijaisha. Mwenye duka la dawa au la vifaa vya ujenzi hununua programu ya mauzo, akaonyeshwa namna ya kuchapisha risiti, na asiambiwe kwamba ndani yake mna seva inayohitaji kutunzwa.

Neno la siri lisilo na maana

Kasoro ya pili inaonyesha jinsi hesabu ndogo inavyoweza kuzaa balaa. Juni 2012, mmoja wa wahandisi wa MariaDB, Sergei Golubchik, alieleza hadharani kasoro iliyokuwa katika MySQL na MariaDB. Hizi ni hifadhidata zipatikanazo bila malipo, na ndiyo sababu hupendwa na vyuo, mashirika madogo na watengenezaji wa tovuti hapa Kenya.

Mtu anapoingiza neno la siri, seva hulilinganisha na lile inalolijua na kupata nambari fulani. Nambari ikiwa sufuri, maneno yamelingana. Ikiwa nyingine yoyote, hayakulingana. Kasoro ilikuwa kwamba katika baadhi ya matoleo nambari hiyo ilikatwa na kubakizwa kipande chake kimoja tu, chenye thamani 256 zinazowezekana. Kwa hivyo, mara moja katika kila majaribio 256 kwa wastani, kipande hicho kilisomeka sufuri ijapokuwa nambari nzima haikuwa sufuri. Seva ikaamini kwamba neno lililo kosa ni sahihi.

Mdukuzi hakuhitaji kulijua neno la siri. Alihitaji jina la mtumiaji tu, na jina la msimamizi mkuu katika programu hizo hujulikana na kila mtu. Angerudia neno lolote la upuuzi mara 300 hivi, kazi ambayo tarakilishi huimaliza kwa muda usiofika sekunde moja, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mlango ungefunguka.

Si kila mtambo ulikuwa na kasoro hiyo, kwani ilitegemea jinsi programu ilivyoandaliwa. Lakini katika mtambo uliokuwa nayo, urefu wa neno la siri haukuwa na maana yoyote. Na hapo pia, habari zilipotangazwa, marekebisho yalikuwa yamekwisha kutolewa.

Wakati mwingine karani hana kosa. Kosa ni la yule anayemwandikia karatasi, yaani ukurasa wa tovuti au programu ya simu ambayo mteja huitumia. Tuseme ukurasa unauliza nambari ya mwanachama, kisha unaibandika nambari hiyo katikati ya amri na kumpelekea karani. Mtu mwerevu, badala ya nambari peke yake, anaandika nambari na kuongeza "au moja ni sawa na moja". Kwa kuwa moja ni sawa na moja daima, karani anatoa rekodi za wanachama wote. Hapa tutauita ujanja huu kudunga amri.

Ujanja huo umejulikana tangu miaka ya mwisho ya 1990, na kinga yake inafundishwa darasani: amri ipelekwe kando na neno la mteja kando, lisisomwe kamwe kama agizo. Hata hivyo ungali unafanikiwa.

Oktoba 2015 kampuni ya simu na intaneti ya TalkTalk nchini Uingereza iliibiwa habari za wateja 156,959, wakiwamo 15,656 ambao nambari za akaunti zao za benki zilichukuliwa. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba wezi walipitia kurasa zilizorithiwa kutoka kampuni nyingine iliyonunuliwa mwaka wa 2009. TalkTalk haikujua kwamba kurasa hizo zilikuwa bado zipo, na programu ya hifadhidata iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya zamani, yenye kasoro ambayo rekebisho lake lilikuwa limetolewa zaidi ya miaka mitatu nyuma. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 400,000 mwaka wa 2016. Mmoja wa waliokiri mashtaka alikuwa mvulana wa miaka 17 aliyesema alitaka kuwaringia marafiki zake.

Na wakati mwingine hakuna ujanja wowote. Januari 2017 wahalifu walizunguka katika intaneti wakitafuta hifadhidata za MongoDB zilizowekwa bila neno la siri. Walizipata zaidi ya 20,000. Walifuta yaliyokuwamo na kuacha barua ya kudai fidia. Baadhi ya waliolipa hawakurudishiwa kitu, kwa kuwa rekodi zao hazikuwa zimenakiliwa bali zimefutwa tu. Waliowaweka katika hatari hiyo ni mafundi waliomaliza kazi upesi na kwenda zao.

Yafaa hapa kutofautisha mambo ambayo huchanganywa katika habari. Januari 2012, tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya ziliharibiwa sura na mdukuzi kutoka Indonesia. Hiyo ni kuandika matusi ukutani, si lazima iwe kuingia stoo. Julai 2023, huduma za eCitizen zilikwama baada ya kundi lililojiita Anonymous Sudan kuzimiminia maombi bandia kwa wingi. Hiyo ni kuziba mlango ili wenye haja wasipite. Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alisema hakuna data iliyopotea. Kwa upande mwingine, Aprili 2023 kampuni ya maduka ya Naivas ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika mitambo yake na kuchukua baadhi ya data. Mwananchi anayesikia "tumedukuliwa" ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo lililotokea, maana athari zake kwake si sawa.

Kwa nini hazirekebishwi

Ikiwa marekebisho ni ya bure, mbona hayawekwi? Wasimamizi wengi huogopa kugusa mfumo unaofanya kazi. Hofu hiyo ina msingi. Marekebisho yanaweza kuvuruga programu ya malipo mwisho wa mwezi, siku ambayo wanachama wamepanga foleni mlangoni. Mtengenezaji wa mfumo aghalabu yuko Nairobi, na mkataba haukutaja nani ana jukumu la kurekebisha seva baada ya mwaka wa kwanza. Pia zipo nakala zisizo halali, ambazo mwenyewe huogopa kuzisasisha asije akajulikana.

Zaidi ya hayo, programu huzeeka. Microsoft ilikomesha marekebisho ya kawaida ya SQL Server 2008 Julai 2019, ya SQL Server 2012 Julai 2022, na ya SQL Server 2014 Julai 2024. MySQL 5.7 ilifikia mwisho Oktoba 2023. Mwenye kutumia toleo la aina hiyo hajengi tena ukuta. Kila kasoro mpya inayogunduliwa ndani yake hubaki wazi, ilhali wadukuzi husoma matangazo ya kasoro hizo kama wafanyavyo walinzi. Kwa hakika husoma upesi zaidi, kwa sababu kila rekebisho linalotangazwa humwonyesha mwizi mahali penye ufa kwa wale ambao hawajaliweka.

Hasara inayomngojea mkulima si ya namna moja. Kilo zinaweza kubadilishwa. Mdhamini wa mkopo anaweza kuondolewa katika rekodi na mwingine kuwekwa bila habari. Lakini la kawaida zaidi ni wizi wa kimyakimya: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi cha akiba vinauzwa kwa tapeli anayepiga simu akijifanya afisa wa sacco. Kwa kuwa anataja kiasi halisi, mzee huamini. Tapeli mwingine hutumia habari hizo hizo kusajili upya laini ya simu ya mwenyewe na kumaliza pesa zilizomo.

Sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu kuchukua hatua za kiufundi za kuzilinda. Zikiibwa, na ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, ana saa 72 tangu kugundua za kumjulisha Kamishna wa Data, afisi ambayo Immaculate Kassait aliapishwa kuiongoza Novemba 2020. Wenye data nao wajulishwe kwa maandishi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 humwadhibu mdukuzi anayeingia bila idhini kwa faini ya hadi Sh5 milioni, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa taasisi iliyozembea, Kamishna anaweza kutoza hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kati ya hizo mbili, inayotozwa ni iliyo ndogo. Msomaji atajionea mwenyewe kwamba kifungu hicho hakikuandikwa na mtu aliyetaka kampuni kubwa zikose usingizi. Taasisi ndogo, yenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, kwa kawaida husamehewa kujisajili kwa Kamishna, ila haikusamehewa kulinda data. Baadhi ya wenye biashara ndogo wamezichanganya kanuni hizo mbili.

Vyama vya ushirika vina faida ambayo benki hazina: mwanachama ni mwenye mali, na katika mkutano mkuu wa mwaka anaweza kusimama akauliza. Si lazima ajue SQL ni nini. Aulize programu ya hifadhidata inaitwaje na ni toleo la mwaka gani. Aulize kama mtengenezaji wake angali anaitolea marekebisho, na nani, kwa jina la cheo, aliyepewa kazi ya kuyaweka na ndani ya siku ngapi. Aulize kama seva hiyo inaweza kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti, kwa maana katika chama chenye afisi moja au mbili ni vigumu kupata sababu ya kuiruhusu ifikiwe. Aulize pia wafanyakazi walioacha kazi walifutiwa ruhusa zao lini.

Wataalamu hawako mbali. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko kwenye barabara ya Nyeri kuelekea Mweiga, na kila mwaka hutoa mahafali wa teknolojia ya habari. Kumlipa mmoja wao siku chache kila robo mwaka akague matoleo, ruhusa na milango ya seva ni gharama ambayo chama cha wastani kinaweza kuimudu.

Swali la mwisho la kuuliza mkutanoni linahusu nakala za akiba, na jibu la "tunazo" halitoshi. Nakala iliyo katika mtambo ule ule hufutwa pamoja na asili. Inayofaa ni ile iliyotengwa na mtandao, ikawekwa jengo jingine, na ambayo mtu amewahi kujaribu kuirejesha akaona kilo na akaunti zikijitokeza upya zilivyokuwa. Hadi mkulima wa Giakanja atakapojibiwa kwamba jaribio hilo lilifanywa, na atajiwe tarehe, afadhali aendelee kuweka vile vijikaratasi vya kiwandani ndani ya mkebe wake.